Uzi: Nyuklia imerudi kweli au ni kelele tu? Mimi naona adui wake sio mionzi, ni riba

#1 zege_baridi (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Hii kitu imenikaa kichwani muda sasa nikaona niilete humu tuijadili kwa utulivu, maana kila nikishika simu nakutana na kichwa cha habari nyuklia imerudi, kesho yake mwingine anasema ilishakufa tangu ajali ya Fukushima. Wote wanapiga chuku.

Tuanze na hali ilivyo. Dunia ina vinu kama 440 vinavyofua umeme, viko kwenye nchi 31 hivi. Marekani anaongoza na 94, Ufaransa 57, China yuko hapohapo na anaongeza kila mwaka. Mwaka 2024 vinu vyote vilitoa terawati-saa 2,600 na ushee, yaani kiwango kilekile cha mwaka 2006 ambacho ndo kilikuwa kilele. Sasa hapo ndo pa kutulia. Mwaka 1996 nyuklia ilikuwa inabeba asilimia 17 na ushee ya umeme wa dunia, leo inabeba kama 9. Haijashuka sana, imesimama tu, wenzake ndo wamekimbia.

Kabla hatujafika mbali, kwa ambao hawajawahi kufuatilia: ukiondoa mbwembwe zote kinu cha nyuklia ni jiko la kuchemshia maji. Maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta, kama mtambo wa makaa ya mawe tu. Tofauti iko kwenye kuni. Kuni yake ni kidonge cha urani, kidogo kama ncha ya kidole, gramu 7 hivi, ukikishika kikiwa kipya hakikufanyi kitu, cheusi kigumu kama kipande cha kauri. Hicho kidonge kimoja kinatoa joto la karibu tani nzima ya makaa ya mawe. Vidonge vinapangwa ndani ya mirija myembamba ya chuma cha zirkoni, mirija inafungwa mafungu mafungu, mafungu yanazamishwa kwenye maji, ndo hivyo. Ukishapakia, kinu kinakula mwaka mmoja mpaka miwili bila kuongezwa.

Kwahiyo kuni ni kidogo na ni rahisi. Hata bei ya urani ikipanda mara mbili, bei ya umeme inasogea kidogo sana. Sasa mbona vinu haviongezeki??

Jibu langu ni riba. Sio mionzi, sio mabomu, sio wanaharakati wenye mabango. RIBA.

Angalieni Vogtle kule Georgia, Marekani. Vinu viwili, hesabu ya mwanzo ilikuwa dola bilioni 14 hivi na vilitakiwa viwashwe 2016 na 2017. Cha kwanza kimeanza kuuza umeme Julai 2023, cha pili Aprili 2024, na bili imevuka bilioni 30. Katikati ya safari kampuni iliyochora ramani ya vinu hivyo, Westinghouse, ikaomba ulinzi wa mufilisi Machi 2017. Mradi pacha wake kule South Carolina ukaachwa Julai mwaka huohuo baada ya kuzamisha kama bilioni 9, vyuma vimesimama na hakuna hata uniti moja ya umeme iliyotoka. Wateja wa umeme kule wanalipia kitu ambacho hakipo.

Ufaransa nao, ambao ndo mabingwa wenyewe. Flamanville 3 walianza kumwaga zege 2007, iwe tayari 2012, kwa euro bilioni 3.3. Imeunganishwa kwenye gridi Desemba 2024 na gharama ya ujenzi ikasomeka 13.2. Ufini, Olkiluoto 3, ilianza 2005 iwe tayari 2009, imeanza kazi rasmi Aprili 2023. Mtoto aliyezaliwa siku wanaanza kuchimba msingi alikuwa na ndevu siku inawashwa.

Sasa piga hesabu. Umekopa bilioni 10 kwa riba ya 8%, hujauza umeme hata wa kuwasha balbu kwa sababu kinu hakijaisha. Miaka 5 deni liko 14.7. Miaka 9 deni limekuwa 20. Hujaongeza hata tofali, umechelewa tu. Makaa, gesi, sola, vyote vinajengwa haraka vinaanza kulipa. Nyuklia inakaa miaka inanyonya tu, ikija kusimama deni limeshakuwa kubwa kuliko kinu chenyewe.

Na kuchelewa kunatoka wapi? Mimi naona kunatoka kwenye kusahau. Ufaransa hiyohiyo, baada ya bei ya mafuta kupaa 1973, serikali ya waziri mkuu Messmer ikapitisha mpango 1974, na ndani ya kama miaka 15 wakasimamisha vinu zaidi ya 50. Ramani ileile wanairudia, mafundi walewale wanatoka eneo hili wanaingia lile, mchomeleaji aliyekosea kwenye kinu cha tatu hakosei kwenye cha kumi. Halafu wakaacha kujenga. Mafundi wakazeeka wakastaafu. Walivyorudi Flamanville ikagundulika viungo 8 vya kuchomelea kwenye mabomba makubwa ya mvuke havijafikia ubora, na viungo hivyo viko sehemu mbaya kweli, katikati ya kuta mbili za zege za jengo la kinu, nafasi hata ya mtu kujipenyeza hakuna. Mamlaka ya usalama 2019 ikasema rudieni. Ikabidi watengeneze roboti za kuingia mle kukata na kuchomelea upya. Viungo 8 hivyo vimekula miaka!!

Hiyo ndo hoja yangu. Karibuni, ila matusi hapana.

#2 mtu_wa_pwani

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka kitu. Chernobyl je? Watu hawaogopi riba, watu wanaogopa kuota mkono wa tatu 😂

#3 zege_baridi

Mkuu sijaruka, nilijua tu itakuja.

Chernobyl 26 Aprili 1986 ilikuwa kinu cha aina yake, RBMK, ambacho kikipungukiwa maji moto wake unapanda badala ya kushuka, na hakikuwa na lile jumba zito la zege linalofunika vinu vingi vya kwingine. Usiku ule walikuwa wanafanya jaribio, nguvu ikaanguka chini kuliko walivyopanga, wao wakang'ang'ania kuendelea, wakachomoa karibu fito zote za kudhibiti, zile zinazotuliza moto wake, ili kukiinua. Saa 7 na dakika 23 usiku wanabonyeza kitufe cha kuzima, fito zinashuka, na ncha zake zilikuwa za grafaiti ambayo sekunde za mwanzo inachochea badala ya kuzima. Yaani breki imeanza kwa kukanyaga mafuta. Kikapasuka.

Na hawakusema. Dunia imejuaje? Jumatatu asubuhi tarehe 28, kituo cha Forsmark kule Uswidi, kilomita zaidi ya 1,000 kutoka pale, mfanyakazi anapita kwenye mashine ya kupima mionzi, ikalia. Viatu vyake. Wakadhani kituo chao kinavuja wakaanza kuhamisha watu, kuja kuangalia vizuri kumbe vumbi limeletwa na upepo na mvua kutoka upande wa Usovieti. Hiyo picha ya kiatu ndo inanikaa mimi kuliko picha za moshi.

Lakini angalia hii: vinu vingine vya pale Chernobyl viliendelea kufua umeme mpaka Desemba 2000. Watu walikuwa wanaenda kazini kila siku jirani na kile kilicholipuka.

#4 bundi_wa_usiku

Na Fukushima usitafute pa kujificha, hapo hakuna RBMK wala Usovieti, hapo ni Japani, watu makini.

#5 zege_baridi

Fukushima ni ya kusomwa taratibu, na mimi naona ndo somo zito kuliko Chernobyl. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la 9.0 linapiga, vinu vikajizima vyenyewe kama vilivyotakiwa. Shida ni kwamba kinu cha nyuklia hakizimiki kama taa. Ukishakizima, masalia yaliyomo ndani yanaendelea kutoa joto, mara ya kwanza kama asilimia 6 au 7 ya nguvu yake yote, na joto hilo linapungua polepole kwa masiku na miezi. Kwahiyo lazima maji yazunguke. Umeme wa gridi umekatika, jenereta za dizeli zikawaka, dakika kama 50 baadaye tsunami ya mita 14 hivi ikaja kwenye eneo lililosawazishwa kwa mita 10. Jenereta nyingi zilikuwa chini, ghorofa za chini kabisa. Zikazama. Maji hayazunguki, vinu vitatu vikayeyuka.

Sasa upande wa pili. Onagawa, kituo kingine cha nyuklia, KILIKUWA KARIBU ZAIDI na kitovu cha tetemeko. Wimbi lilikuja mita 13 hivi. Wao walijenga eneo lao kwenye mwinuko wa kama mita 14.8 kwa sababu wakati wa kupanga kuna wahandisi waling'ang'ania historia ya mawimbi ya zamani ya pwani ile. Kituo kikasimama, na wanakijiji zaidi ya 200 waliopoteza nyumba wakaenda kulala kwenye ukumbi wa mazoezi wa kituo hichohicho cha nyuklia. Tsunami ileile, pwani ileile, tofauti ni mita chache za udongo.

Kwahiyo mkuu hatari ipo, sikatai, ila ukihesabu vifo kwa kila uniti ya umeme, makaa ya mawe yanaua mamia ya mara kuliko nyuklia, na yanaua kimyakimya kupitia mapafu, hakuna anayekuja na kamera.

#6 dada_volti

Naomba niingie hapa maana naona watu wanaenda kwenye taka sasa hivi, niwahi kabla haijawa vita.

Fueli ikitoka kwenye kinu inatoka moto na ina mionzi ya kuua mtu kwa dakika akiikaribia bila kinga. Inashushwa kwenye bwawa la maji, sio bwawa la ajabu, ni kama la kuogelea ila lina kina cha mita 12 hivi, maji masafi mpaka unaona chini, na fueli ikiwa mpya maji yanang'aa rangi ya bluu. Mita chache za maji zinatosha kuzuia mionzi, wafanyakazi wanatembea pembeni na nguo zao za kawaida za kazi. Inakaa miaka kama 5 au zaidi. Ikishapoa inaingizwa kwenye mapipa makubwa ya chuma na zege yanayosimama wima nje, yanapozwa na hewa tu, hamna pampu hamna umeme. Ndo hivyo, mengi yamesimama tu uwanjani.

Tangu nyuklia ianze dunia imetoa kama tani 400,000 za fueli iliyotumika. Inasikika nyingi mpaka ukumbuke urani ni nzito kuliko madini ya risasi, kwahiyo haijazi eneo unalodhani. Moshi wa makaa hauhesabiki kwa tani laki nne, ni mabilioni kila mwaka na hakuna anayeuliza tutauweka wapi, tumeshauweka, tunauvuta.

Pa kuzika ndo panakwama, na panakwama kwa siasa. Ufini wamechimba Onkalo, mita 400 na ushee chini kwenye mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 2, fueli inaingia kwenye makopo ya shaba, yanazungushiwa udongo wa bentonaiti ambao ukiloa unavimba unaziba. Marekani wao walipanga Yucca Mountain miaka na miaka, mpaka leo hola.

Na kwa wanaosema haiwezekani kuitunza muda mrefu: Oklo kule Gabon, 1972 Wafaransa waligundua urani ya mgodi ule ina upungufu wa ile aina inayowaka, wakafuatilia wakakuta miaka kama bilioni 2 iliyopita pale ardhini palikuwa na vinu vya asili vilivyojiwasha vyenyewe kwa maji ya chini ya ardhi. Masalia yake mengi hayakutembea mbali. Dunia ilishafanya jaribio kabla yetu.

#7 mtu_wa_pwani

dada_volti nimekuvulia kofia. Hiyo ya Gabon nilikuwa siijui kabisa aisee

#8 jua_kali_sana

Mimi nakuja kumpinga mleta uzi kwa hoja yake mwenyewe. Umesema tatizo ni riba na muda. Sawa. Sasa kama ni hivyo nyuklia imeshashindwa, tusizungushane. Paneli za sola zimeshuka bei kama asilimia 90 tangu 2010, betri nazo zinafuata mlemle, shamba la sola linajengwa mwaka mmoja na likiwa nusu tayari nusu hiyo inauza umeme. Wewe unataka nikae na deni miaka 10 nisubiri kinu, wakati kwa hela ileile nimeshaweka sola na betri na zimeshajilipa? China mwenyewe unayemtaja, anajenga nyuklia ndio, lakini sola anayoweka kwa mwaka mmoja inafunika kabisa nyuklia anayoongeza mwaka huohuo. Hela inaongea.

#9 zege_baridi

Mkuu hii ndo hoja nzito kuliko zote za uzi huu na siwezi kuipiga chenga. Kwa sehemu kubwa uko sahihi. Nchi yenye jua la kutosha, gridi inayoeleweka na matumizi makubwa mchana, sola kwanza, hakuna ubishi.

Ninapotofautiana na wewe ni kwenye wiki mbaya. Betri za leo zinabeba masaa, jioni inaenda vizuri. Lakini kaskazini mwa Ulaya Januari kuna siku kadhaa mfululizo jua hamna upepo hamna, betri ya kubeba wiki nzima ya nchi ya viwanda bado hela yake haishikiki, kwahiyo wanawasha gesi. Ujerumani walizima vinu vyao 3 vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023, vinu vizima vinavyofanya kazi, vilivyoshalipiwa, huku mitambo ya makaa bado inawaka. Hapo mimi nashindwa kuelewa. Kujenga kipya ni mjadala, kuzima kilichoshalipiwa ni kitu kingine. Kinu kikongwe kilichomaliza deni ni moja ya umeme rahisi uliopo, na vingi Marekani vimeongezewa leseni kutoka miaka 40 kwenda 60, baadhi 80.

Ila nisiwe muongo, nyuklia nayo sio ya uhakika kama mashabiki wanavyoisema. 2022 Ufaransa ilikuta nyufa za kutu kwenye mabomba ya vinu kadhaa, kuna kipindi kama nusu ya vinu vyao vilikuwa vimelala, wakati gesi ya Urusi nayo ndo inakatwa. Wauzaji wakubwa wa umeme Ulaya wakageuka wanunuzi. Kukiwa na joto kali mito inapata moto, wanalazimika kupunguza nguvu ili wasichemshe samaki. Na Agosti 2025 kituo cha Gravelines, vinu 4 vikajizima kwa sababu ya... viwavi wa baharini 😂 lile lundo la vile vidude vya utelezi vinavyowasha, viliziba vichujio vya pampu za maji ya bahari. Megawati zaidi ya 3,000 zimeangushwa na viumbe visivyo na mfupa wala ubongo.

#10 Mzee wa Gridi

Vijana nawasoma tu. Nimefanya kazi ya umeme miaka mingi, sio nyuklia, ila nasema hivi: mleta uzi hesabu yako ya riba umeivuta. Hakuna mradi unachukua bilioni 10 zote siku ya kwanza. Hela inachotwa kidogokidogo kadri kazi inavyoenda, mwaka wa kwanza ni michoro na kuchimba, vyuma vizito vinalipwa kwa awamu. Kwahiyo 20 yako kwa miaka 9 haifiki, itakuwa chini ya hapo kwa kiasi kikubwa.

Lakini hoja yenyewe ni ya kweli, na mbaya zaidi ni hii hapa: mradi ukikwama mwishoni, mkopo unakuwa umeshachotwa karibu wote. Kuchelewa kwa mwanzoni ni bei rahisi, kuchelewa kwa mwishoni ndo kunaua. Hao wa viungo 8 waligundua wakati jengo limeshafungwa. Hapo kila mwezi unaopita ni riba ya mradi mzima.

Kwahiyo tofauti kati ya riba ya 3% ya serikali na 9% ya soko ndo inaamua kama umeme wa nyuklia ni rahisi au ghali. Kinu kilekile, zege lilelile. Ndo maana wanaojenga sana ni wale ambao serikali inasimama nyuma ya mkopo.

#11 zege_baridi

Mzee shikamoo, na nimepokea. Nilirahisisha mno, hesabu yako ndo sahihi.

Na umenifikisha nilipotaka kufika. Kuanzia 2017 mpaka mwisho wa 2024 vinu 52 vilianza kujengwa duniani. 48 kati ya hivyo ni ramani ya China au ya Urusi. Sio kwamba wao fizikia yao ni tofauti, ni kwamba mkopo ni wa serikali na mafundi hawajawahi kukaa bila kazi. Urusi anakuja na kifurushi kizima: ramani, mkopo, fueli, mafunzo, na kuchukua fueli iliyotumika inazungumzika. El Dabaa Misri ni vinu 4, jumla megawati 4,800, na sehemu kubwa ni mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25. Rooppur Bangladesh hivyohivyo, Akkuyu Uturuki ni kampuni ya Urusi inajenga na kumiliki kabisa. Ukitoa hiyo ya Misri inayojengwa, bara zima la Afrika lina kituo kimoja tu kinachofanya kazi, Koeberg Afrika Kusini, vinu viwili vya miaka ya 80.

Mfano wa wengine waliofanya vizuri ni Korea Kusini kule Barakah, Falme za Kiarabu. Vinu 4, walichelewa nao miaka mitatu minne, lakini vyote vimesimama, cha mwisho Septemba 2024, sasa vinabeba kama robo ya umeme wa nchi ile. Siri? Ramani moja mara 4, na timu iliyotoka kujenga zingine kama hizo nyumbani kwao.

#12 bundi_wa_usiku

Hapo kwenye kifurushi ndo pana mtego. Umeme wako wa miaka 60 ijayo umeufunga kwa nchi moja. Leo mko vizuri, kesho je? Muulize aliyekuwa anategemea bomba la gesi.

#13 dada_volti

Kweli kabisa kaka, na hata wakubwa wamekamatika. Kuchimba urani sio tatizo sana, Kazakhstan anatoa kama asilimia 40, wengine ni Kanada, Namibia, Australia. Kazi iko kwenye kurutubisha. Urani ya ardhini ina asilimia 0.7 tu ya ile aina inayowaka, vinu vingi vinataka 3 mpaka 5, na mashine za kuipandisha hapo kama asilimia 40 ya uwezo wa dunia ziko Urusi. Marekani wamepitisha sheria 2024 ya kuzuia urani ya Urusi, halafu ndani ya sheria hiyohiyo wakaweka mwanya wa msamaha mpaka mwisho wa 2027, kwa sababu vinu vyao vinahitaji kula 😅

#14 kijana_wa_moduli

Mbona hakuna anayetaja vinu vidogo?? Huko ndo mustakabali. Kinatengenezwa kiwandani kama gari, kinapakiwa kwenye treni, mnakifunga miaka mitatu kimeisha. Hiyo riba yote mnayolia inakufa. Google, Amazon, wote wamesaini kwa ajili ya data senta za akili bandia, Microsoft amesaini kununua mpaka umeme wa kinu cha Three Mile Island kinachofufuliwa. Ninyi mnaongelea Chernobyl.

#15 zege_baridi

Kijana taratibu. Kinachofufuliwa Three Mile Island ni kinu namba 1, kikubwa, megawati 835, kilichozimwa 2019 kwa sababu hakikuwa kinalipa. Sio kile cha ajali ya 1979, kile ni namba 2. Na sio kinu kidogo. Kwahiyo mfano wako unanisaidia mimi: Microsoft mwenye hela zote zile amekimbilia kinu kizee kilichoshajengwa.

Vinu vidogo wazo lake ni zuri na mimi natamani lifanikiwe. Ila kiwanda kinashusha bei ukitengeneza vingi, na nani ananunua cha kwanza kwa bei ya cha kwanza? NuScale walikuwa mbele ya wote Marekani, ramani imepitishwa, mteja yupo, eneo lipo Idaho. Bei ikatoka dola 58 kwa megawati-saa ikafika 89, miji iliyokuwa imejiunga ikasita, Novemba 2023 mradi ukafutwa. Na kuna sababu vinu vilikuwa vikubwa: ukipunguza kinu mara nne, walinzi, leseni, ukuta na wahandisi wa zamu havipungui mara nne.

Vilivyopo kweli vinahesabika. Urusi ana meli, Akademik Lomonosov, vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja, imefungwa Pevek kule Aktiki tangu 2020, kitu kizuri tu kwa mji wa barafu usio na njia nyingi. China ana kile cha Shidaowan kinachopozwa na heliamu, fueli yake ni mipira mipira ukubwa wa mpira wa tenisi, kilianza biashara Desemba 2023. Mimi jicho langu liko Darlington, Kanada, wamepata kibali cha kujenga 2025, kinu cha megawati 300, na wanapanga 4 vya aina moja. Cha kwanza kikichelewa sitashangaa wala sitacheka. Nitaangalia cha nne.

#16 jua_kali_sana

Hapo kwenye cha nne nakuunga mkono. Kikija kwa nusu bei ya cha kwanza nitarudi humu kuomba radhi kwa herufi kubwa.

#17 Mzee wa Gridi

Hakitakuja nusu. Kikishuka robo ni ushindi mkubwa.

#18 mtu_wa_pwani

Sasa wakuu, kwenye mkutano wa tabianchi Dubai 2023 nchi 20 na kitu zilisaini kuongeza nyuklia mara tatu ifikapo 2050. Na Benki ya Dunia 2025 imeondoa marufuku yake ya kufadhili nyuklia. Hiyo si ndo riba nafuu mnayoitafuta?

#19 zege_baridi

Ya Benki ya Dunia ndo habari kubwa kuliko ya Dubai, na watu wameipita haraka. Saini ni saini. Kuongeza mara tatu maana yake ni kutoka gigawati kama 400 kwenda 1,200 kwa miaka 25, na katikati hapo vikongwe vingi vitastaafu kwahiyo lazima uvizibe navyo. Kasi hiyo dunia iliigusa mara moja tu, miaka ya katikati ya 80, kuna miaka viliunganishwa vinu zaidi ya 30 kwa mwaka mmoja. Siku hizi tukifika 7 au 8 tunashangilia. China atafanya sehemu yake, huyo simtilii shaka. Waliobaki mimi siwahesabu kwa saini, nahesabu vinu vilivyomwagiwa zege la kwanza.

#20 kijana_wa_moduli

Sawa mkuu nimekuelewa, ila hamjagusa fyusheni, ile ya kuunganisha viini kama jua. Taka karibu hamna, kuyeyuka hamna.

#21 dada_volti

Desemba 2022 maabara ya Livermore, Marekani, walipiga leza yenye megajuli 2.05 ikatoka 3.15, dunia ikashangilia na ilistahili. Ila leza zenyewe zilivuta kama megajuli 300 kutoka ukutani ili kupiga risasi hiyo moja. Fungua uzi wake nitakuja, huu umeshajaa.